Injini Nayo Inahitaji Kupumua



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunajua kwamba injini hunywa petroli na kwamba ikikosa oili hufa. Wachache tunajua kwamba injini hupumua, na kwamba ukiiziba pumzi itaharibika hata ikiwa na petroli safi na oili mpya. Sisi tulilijua jambo hili Bagamoyo, mwezi Julai, tukiwa katika likizo ya kichungaji. Tulikuwa mafrateri wawili, wote tunasoma falsafa, wote tuna umri wa miaka 25, na tulikabidhiwa kwa katekista mmoja ili tutembee naye vigangoni. Pikipiki yake ndiyo iliyotufikisha kwa fundi, na fundi ndiye aliyetufundisha.

Tunaandika kwa ajili ya wenye pikipiki za zamani parokiani, nao si wachache. Tunaandika pia kwa ajili ya katekista mwenyewe, ambaye hatutamtaja jina. Tulimsomea makala hii kabla ya kuituma, naye ametupa ruhusa.

Pikipiki za Kanisa

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, safari ya kwenda bara ilikuwa ya miguu. Ukitembelea makaburi ya wamisionari pale misheni utaona jinsi wengi wao walivyokufa wangali vijana. Karne iliyofuata, Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata aliyekuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, alimpoteza rafiki yake Padre Otto Fuhrmann katika nchi ambayo leo ni Namibia. Ilikuwa mwaka 1925. Fuhrmann aliugua mbali na daktari, na hakikupatikana chombo cha kumfikisha mapema. Miaka miwili baadaye Schulte alianzisha MIVA, chama cha kuwatafutia wamisionari magari, pikipiki, boti na hata ndege. Kwa hiyo pikipiki iliyoegeshwa chini ya mwembe wa parokia ya kijijini ina historia, na ndani ya historia hiyo kuna msiba wa mtu.

Pikipiki ya katekista wetu ni Honda CG125 ya miaka ya 1980, iliyoachwa na mmisionari mmoja aliyerudi Ulaya. Aina hii ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito, hupita njia mbaya na hucheleweshewa oili. Ina silinda moja yenye sentimita za ujazo 124, na valvu zake husukumwa na fito badala ya kuendeshwa kwa mnyororo. Ni injini nyepesi kuielewa na yenye uvumilivu. Baadaye viwanda vya China viliiga muundo wake, na bodaboda nyingi zinazopita leo kati ya Bunju, Mapinga na Bagamoyo zina injini za ukoo huohuo. Tunayoyasema hapa yanamhusu pia kijana aliyenunua bodaboda yake mwaka jana.

Pumzi inatoka wapi

Chini ya pistoni kuna chumba kilichofungwa, ambamo krenki huzunguka na oili hukaa. Mafundi hukiita krenki kesi. Mtu akiifikiria pistoni huufikiria upande wa juu, ambako petroli huungua. Lakini pistoni ina upande wa chini pia. Ikishuka, inaisukuma hewa iliyo chini yake kama mkono unavyosukuma pampu ya baiskeli. Ikipanda, inaivuta.

Tulipiga hesabu palepale karakanani juu ya kipande cha boksi. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni hushuka mara 50 kila sekunde, na kila mara inasukuma sentimita za ujazo 124. Hizo ni zaidi ya lita 6 za hewa zinazosukumwa kila sekunde, kisha zikavutwa tena, ndani ya injini ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba mikononi.

Hilo ni la kwanza. La pili ni moshi. Ringi za pistoni hazizibi kabisa, hata zikiwa mpya. Kila petroli inapolipuka, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi na kushukia kwenye oili. Ringi zikichakaa, kidogo hicho huwa kingi. La tatu ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, ila hatuyaoni kwa sababu hutoka kwenye ekzosi kama mvuke. Sehemu ya mvuke huo nayo hupita kwenye ringi. Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu na safari nyingi ni fupi, injini haipati moto wa kutosha kuufukuza mvuke wote. Ukifungua kifuniko cha oili unaikuta imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

Kwa sababu hizi tatu, kila injini ya namna hii imewekewa njia ya kupumulia, yaani kitundu na mpira mwembamba wa kutolea hewa. Ni kitu kidogo mno. Ukiikagua pikipiki kabla ya kuinunua hutautazama mpira huo, wala muuzaji hatakuonyesha.

Tatizo hili limewahangaisha wengi kabla yetu. Waingereza waliotengeneza pikipiki za silinda mbili, kama Triumph na BSA za zamani, walipata shida zaidi kwa sababu pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, hivyo msukumo wa chini huwa mara mbili. Triumph waliweka kwenye shafti ya kamu kisahani chenye tundu, kinachofunguka pistoni zinaposhuka na kujifunga zinapopanda. Kisha katika modeli za 1970 wakaacha mtindo huo na kuielekeza pumzi kwenye chumba cha mnyororo wa injini. Royal Enfield Bullet, iliyotengenezwa Uingereza na baadaye India, ilitumia kimpira chenye umbo la mdomo wa bata, kinachofumbuka kikisukumwa na kufumba kikivutwa. Kwa upande wa magari, jimbo la California huko Marekani lilidai mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba moshi wa krenki kesi usiachwe kutoka nje, bali urudishwe ukaunguzwe upya. Watu wenye viwanda na wahandisi walilifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Halikuwa dogo.

Alichokikuta fundi

Pikipiki ya Mwalimu, ndivyo waamini wanavyomwita katekista wao, ilikuwa inavuja kila mahali. Ilivuja kwenye gasketi ya silinda. Ilivuja nyuma ya sproketi ya mbele, na sili ya hapo ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili, na mara zote mbili ikasukumwa nje. Asubuhi ilipoegeshwa mbele ya kanisa iliacha doa jeusi mchangani. Mwalimu alikuwa anatembea na chupa ya oili kwenye mkoba, pamoja na kitabu cha ibada na stola ya padre aliyetakiwa kumpelekea.

Ana vigango vinne, kimoja kikiwa ng'ambo ya Mto Ruvu, upande wa Makurunge, njia ya kuelekea mashamba ya chumvi. Jumapili ambazo padre hafiki, yeye ndiye anayeongoza ibada. Wagonjwa wanaosubiri Komunyo wanamsubiri yeye. Katika kikao cha halmashauri ya walei ilishapendekezwa kwamba injini imekufa na pikipiki iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Fedha ya kununua nyingine haikuwapo. Pendekezo hilo maana yake ni kwamba kigango cha ng'ambo kingebaki bila mtu.

Ijumaa moja ilizima tukiwa tumebakiza kama kilomita tatu kufika kwa mama mmoja mgonjwa. Tuliisukuma. Mwalimu alitangulia kwa miguu, kasi, bila kugeuka nyuma, na alipofika alifanya ibada yote kwa utulivu kana kwamba ameshushwa mlangoni na gari. Kesho yake tulimsindikiza kwa fundi.

Fundi ni Mwislamu, mtu wa Bagamoyo kwa kuzaliwa, karakana yake iko maeneo ya Magomeni. Alimsalimia Mwalimu shikamoo, akatukaribisha benchi, kisha akaiwasha pikipiki na kulegeza kifuniko cha oili. Ilipiga mluzi. Hewa ilitoka kwa nguvu na moshi ukafuata. Fundi akaizima, akapitisha vidole chini ya tangi, akaufuata ule mpira hadi mwisho wake. Mwishoni alikuta bolti. Ilikuwa imepachikwa ndani ya mpira na kufungwa na waya ili isichomoke.

"Mwalimu, hii nani alikuwekea?"

"Niliwekewa mwaka jana. Mpira ulikuwa unatema oili kwenye tairi la nyuma. Nusura nianguke pale darajani."

Fundi alitikisa kichwa. "Walikusaidia vibaya. Ilikuwa inakuambia kitu, wakaiziba mdomo."

Halafu akatueleza, na hapa ndipo tulipomsikiliza kama tunavyowasikiliza walimu wetu. Aliyeweka bolti hakuwa mjinga. Oili kwenye tairi la nyuma inaua. Aliona oili inatoka mahali fulani, akapaziba mahali hapo, na kweli tairi likawa kavu. Lakini hakuuliza kwa nini inatoka. Kulikuwa na sababu mbili. Ringi zilikuwa zimechoka, hivyo moshi mwingi ulikuwa unapenya chini. Tena mtu alikuwa na desturi ya kujaza oili kupita alama, akidhani anaitendea injini wema, na oili iliyozidi hupigwapigwa na krenki hadi ikatoka pamoja na pumzi. Mlango ulipozibwa, msukumo haukwisha. Ulitafuta mahali dhaifu zaidi. Ukapata sili, ukapata gasketi.

"Presha haina adabu," alisema fundi. "Ukiinyima mlango inavunja dirisha."

Aristotle anatufundisha kwamba hatujakijua kitu mpaka tujue sababu yake. Tumelisoma hilo, tumelifanyia mtihani, tumepata maksi. Pale karakanani tuliona tofauti kati ya mtu anayeijua dalili na mtu anayeijua sababu, na kwamba hasara ya kuzichanganya inapimwa kwa lita za oili na kwa kigango kisicho na katekista.

Matengenezo yenyewe yalikuwa hivi, na tunayaandika kwa faida ya wenye pikipiki. Bolti ilitolewa. Mpira ulioshwa kwa petroli na kupitishwa waya ndani, na mle ndani lilitoka pia donge la udongo la nyigu aliyejenga kabla ya bolti. Mpira mpya, mrefu kidogo, ulipandishwa juu kwanza kisha ukateremshwa, ili matone ya oili yanayopanda na hewa yapoe na kurudi yenyewe kwenye injini. Mwisho wake ulifungwa mbali na tairi na mbali na mnyororo. Fundi akachukua kipande cha mpira laini, akakiziba ncha, akakikata mstari mmoja kwa wembe na kukivisha pale mwisho. Hewa ikisukuma, mstari unafumbuka. Ikivuta, unafumba, na vumbi haliingii. Ni mdomo uleule wa bata wa Royal Enfield, umetengenezwa Magomeni kwa wembe wa kunyolea. Sili na gasketi vikawekwa vipya. Oili ikamwagwa, ikawekwa nyingine hadi kwenye alama, isizidi.

Ringi hazikubadilishwa. Fedha haikutosha. Fundi alisema wazi kwamba pikipiki itaendelea kutoa moshi kwenye mpira mpaka ringi zipatikane, na kwamba moshi huo usitutishe. "Sasa mtaona hali yake. Zamani mlikuwa hamuoni."

Mwanamume hana eda

Wakati gundi ya gasketi inakauka, Mwalimu alikwenda msikiti wa jirani kuomba maji ya kunawa mikono. Fundi akatuuliza kwa sauti ya chini kama tunajua kwamba Mwalimu alifiwa.

Tulijua. Mke wake alifariki katika masika, miezi mitatu kabla ya sisi kufika. Tuliambiwa na baba paroko siku ya kwanza, tukampa pole, akaitikia kwamba ameshapoa.

"Nilikuja msibani," fundi alisema. "Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, watu wanamjia. Mwanamume hana eda. Siku ya tatu nilimwona Mwalimu yuko barabarani na pikipiki yake. Nikasema, huyu atapumzika lini?"

Hatukuwa na jibu. Tulianza kukumbuka mambo ambayo tangu tufike tulikuwa tumeyaona kila moja peke yake. Watoto wa Komunyo ya Kwanza walikuwa wanamwogopa. Akina mama wa jumuiya walituambia zamani alikuwa mtu wa utani. Usiku taa ya chumbani kwake haikuzimwa. Alikonda. Msiba ulipotokea njia zilikuwa zimekatwa na maji na padre alichelewa, hivyo sala za maziko ya mke wake aliziongoza yeye mwenyewe, kwa sauti isiyotetemeka, na watu wote wakamsifu kwa ujasiri.

Tunafikiri sifa ile ilikuwa bolti. Watu waliitoa kwa nia njema kabisa. Wengi wetu tungefanya vilevile, kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba mwanamume halii, na kwamba kiongozi wa sala akilia sala imevurugika. Kuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Mwalimu hakuwa ameficha. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Wanachosema Tomaso na Elihu

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, tunayemsoma kila wiki, ana swali zima kuhusu dawa za huzuni. Ni swali la 38 katika sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili cha Summa Theologiae. Anataja dawa tano: furaha yoyote njema, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na mwisho usingizi na kuoga. Wanafunzi hucheka wakifika hapo kwenye kuoga. Lakini kuhusu machozi anatoa sababu ambayo fundi wetu angeikubali bila kubisha. Kinachotuumiza kikifungiwa ndani huumiza zaidi, kwa sababu roho yote inakikazia macho. Kikipata njia ya kutoka, ule mkazo unatawanyika, na maumivu yanapungua. Anamtaja Augustino, ambaye rafiki yake alipokufa alipata nafuu kidogo katika machozi tu.

Tomaso hasemi kwamba machozi yanaondoa msiba. Anasema yanapunguza uzito wake. Kuhusu marafiki anasema mtu akiwaona wengine wanahuzunika naye, ni kana kwamba wameubeba mzigo pamoja naye, tena anatambua kwamba anapendwa, na sababu hii ya pili ndiyo bora.

Katika Biblia, anayetumia mfano unaofanana zaidi na ule wa karakanani ni Elihu, yule kijana katika kitabu cha Ayubu. Katika sura ya 32 anaeleza kwamba amejaa maneno, na kwamba hali yake ya ndani ni kama divai iliyokosa tundu la kupumulia, ndani ya viriba vilivyo karibu kupasuka. Atasema ili apate nafuu. Wachungaji wa zamani walijua habari ya presha kabla ya pistoni. Naye Bwana wetu, kwenye kaburi la Lazaro, hakuongoza sala kwa sauti isiyotetemeka. Alilia (Yn 11:35), ingawa alijua anachokwenda kufanya dakika chache baadaye.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Kupumua na kupumzika ni maneno ya shina moja. Asiyepumua hapumziki, hata akilala.

Mdomo wa bata

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulikaa na Mwalimu chini ya mbuyu wa misheni. Wageni hupenda kuutazama mbuyu ule kwa sababu ya mnyororo. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 bibi mmoja Mfaransa aliyekuwa akihudumu misheni aliufunga mnyororo kwenye shina kwa ajili ya punda wake, ukasahauliwa. Mti ukaendelea kunenepa ukaumeza. Leo kinaonekana kipande kifupi tu, na kilichobaki kimo ndani.

Tulimuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Hilo tu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza na jambo la kuchekesha, jinsi mama alivyokataa kupanda pikipiki ile kwa miaka miwili ya kwanza kwa sababu ilimlia masikioni. Alizungumza hadi kengele ya saa sita. Yapo aliyoyasema ambayo hatutayaandika, na hilo nalo ni sehemu ya fundisho. Kile kimpira cha wembe kinaruhusu hewa itoke lakini hakirudishi vumbi ndani. Mtu aliyefunguliwa moyo anahitaji kinga hiyohiyo. Akisema leo na kesho akasikia maneno yake sokoni, ataitafuta bolti mwenyewe, na safari hii ataikaza zaidi.

Kwetu waseminari Kanisa limelifikiria hilo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 240, inasema kwamba katika kuamua mseminari apewe daraja au aondolewe, maoni ya mlezi wake wa kiroho na ya waungamishi wake yasiombwe kamwe. Tulipoisoma mara ya kwanza tuliiona kama jambo la utawala. Sasa tunaiona kuwa ni valvu. Imewekwa ili kuwe na mlango mmoja ambako mseminari anaweza kutoa kila kilichomo bila kuhofia kwamba kitamrudia. Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliaga usiku na kuondoka asubuhi, na darasa zima likabaki linaulizana, kwa maana alikuwa mchangamfu kuliko sote. Hatusemi alipaswa kubaki. Huenda njia yake ni nyingine na Mungu ambariki huko. Tunasema tu kwamba mlango ulikuwapo na tungependa kila mwenzetu aujue kabla sili hazijasukumwa.

Mpaka ringi zipatikane

Itakuwa si kweli tukisema Mwalimu amepona. Wiki iliyofuata aliwakemea tena watoto, ingawa safari hii aliwarudia akawaambia samahani, na mmoja wao alitueleza kwa mshangao. Taa yake bado inachelewa kuzimwa. Pikipiki nayo bado inatoa moshi wa bluu kwenye mpira, hasa ikipanda mlima. Lakini sili imekaa, gasketi ni kavu, na mchangani mbele ya kanisa hakuna doa. Kigango cha ng'ambo ya Ruvu kinapata ibada. Yule mama mgonjwa tuliyemfikia kwa miguu alipelekewa Komunyo mara mbili zaidi kabla hatujaondoka.

Mwalimu alimwomba baba paroko wiki mbili akae kwa binti yake Kiwangwa, akapewa siku hiyohiyo. Alikuwa hajaomba likizo kwa miaka kumi na moja.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye pikipiki, za zamani na za sasa. Kila unapobadilisha oili, ufuate ule mpira mwembamba kwa vidole hadi mwisho. Hakikisha haujabanwa, haujakunjika, haujajengwa na nyigu, na hautemi kwenye tairi. Usijaze oili kupita alama. Ukiona oili inatoka kwenye mpira, usizibe, tafuta sababu.

La pili ni kwa halmashauri za walei na jumuiya ndogondogo. Katekista anapofiwa, nani anamwongozea sala? Anapougua, nani anampelekea Komunyo? Sehemu nyingi tulizopita jibu ni kwamba anajiongozea na anajipelekea. Tunaomba kila parokia imteue mtu mmoja au familia moja ya kumtembelea katekista wao, si siku ya maziko tu, bali mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, wakati watu wameshamaliza kutoa pole. Waende bila hotuba. Wamuulize aliyekufa alikuwa mtu wa namna gani, kisha wakae kimya hadi kengele ilie.

Na fedha za ringi bado hazijatimia. Atakayeguswa, aonane na paroko wake. Ofisi yoyote ya parokia inamjua katekista mwenye pikipiki inayovuja.